Mashati saba yaliyonikaa mimi tu: mtihani wa ushonaji uliotutoa jasho Sumbawanga

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Waislamu, Asalaam aleikum.

Mimi ni katekista mstaafu. Nimesimama mbele za watu na Biblia mkononi miaka mingi, sina sababu ya kuja kuchafua ulimi wangu humu uzeeni. Haya niliyaona, na mengine niliyavaa.

Hapa mjini tuna kituo kidogo cha kufundisha ushonaji. Kinapokea vijana ambao shule ya kawaida iliwatema: mabinti waliopata watoto wakiwa darasani, waliofeli wakakatiwa tamaa, na Gaspari, kijana kiziwi ambaye shule yao haikuwa na mtu wa kuongea naye kwa ishara.

Mimi nilikuwa naenda kuwafundisha dini. Mwalimu wao, Sabina, hakuwa na yale masanamu ya kuvalisha nguo. Siku moja akaniambia, "Babu, hebu simama hapo kidogo."

Nikasimama. Nilikuja kukaa kozi ilipoisha.

Sasa muujue mwili wenyewe. Tumbo langu linatangulia, mimi nafuata. Bega la kushoto limelala tangu pikipiki iliponimwaga kwenye mteremko wa kwenda Wampembe.

Vijana walijifunzia kila kitu kwangu, hata hesabu. Yustina, binti kutoka kijiji cha Kaoze aliyeachia shule kidato cha pili, alikuwa anaziogopa hesabu za sehemu kama nyoka. Kifua changu ni inchi arobaini na nne. Baada ya kukigawa kwa nusu na robo wiki nzima, sehemu zikaingia zenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa kifua kinachogawanyika vizuri.

Gaspari naye alinitungia ishara. Akitaka kusema "Babu" anashusha bega la kushoto. Darasa zima likaichukua.

Huyu Yustina ndiye aliyekuwa ananinyima usingizi. Mama yake alifariki akaacha cherehani. Baba ameifungia ndani, akasema, "Ukileta cheti nakupa. Usipoleta naipeleka kwa mke wa kaka yako, na wewe unarudi kushika jembe." Binti ana mtoto wa kulea. Hiyo cherehani ndiyo ingekuwa shamba lake.

Siku ya mtihani akaja mtahini kutoka Dar es Salaam. Mtu mwembamba, mrefu, na mwenye hofu. Huko kwao walishamjaza maneno ya uchawi wa Sumbawanga. Alikuja na maji yake, na chakula alikula mayai tu, tena ayamenye mwenyewe.

Akatoa swali: shati la kiume, mikono mirefu, saizi ya kawaida.

Nadhani mmeshaona tunakoelekea.

Vijana wote saba walipomaliza, akayatundika mashati yao ukutani. Yote tumbo mbele. Yote bega la kushoto limelala.

Mtahini akarudi nyuma hatua moja. "Mwalimu, hiki ni nini? Ni nani huyu?"

Sabina hajajibu, mimi nikaingia na birika la chai.

Akaniangalia mimi, akaangalia ukuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, vaa hilo la kwanza." Likanikaa. La pili, likanikaa. Nilivaa yote saba, hakuna lililonibana.

Akasema, "Hawa hawajui kushona. Wanajua kukushona wewe."

Yustina akaanza kulia kimya kimya. Sabina akaomba warudie kwa mwili mwingine. Mtahini akakubali, wakashukuru sana, kisha wakatazamana. Mwili gani? Mwanaume mwingine aliyekuwepo, ukimtoa Gaspari mwenye mtihani wake, ni mtahini mwenyewe.

"Mimi? Mnipime? Hapa Sumbawanga?" Akajishika shingo. "Halafu vipimo vyangu vibaki kwenu?"

Yustina akafuta machozi. "Baba, ni futi tu ya kupimia."

Nikamwambia, "Mwanangu, simama. Nitakusalia rozari mpaka wamalize."

Akapimwa na wote saba, mmoja baada ya mwingine, macho kayafumba. Kila futi ilipozunguka shingo, aliitikia Salamu Maria kwa nguvu kuliko mimi. Baadaye aliniambia yeye ni Msabato.

Ikafika zamu ya Yustina kumjaribisha shati kabla ya kulimalizia. Kulia limekaa sawa, kushoto linaning'inia. Akalitazama weee, kisha akasema, "Samahani baba, hapa nimemuweka Babu."

Gaspari akamwona, akashusha bega. Wote wakacheka, hata mtahini alicheka kidogo.

Binti akakaa, akanifumua taratibu, akamrudishia yule baba bega lake mwenyewe. Lilipokuja mara ya pili, lilimkaa kama ngozi.

Mtahini akaandika alama zake. Kisha akakusanya mashati yake yote saba, akazoa na vipande vya kitambaa sakafuni, hata vile vya ukubwa wa kucha. Hakutaka abaki Sumbawanga hata robo.

Matokeo yalikuja. Sita wamefaulu, mmoja atarudia kola. Yustina amefaulu, na baba yake aliileta cherehani mwenyewe, kaifunga nyuma ya pikipiki.

Mimi nimebaki na mashati saba ya kitambaa kimoja. Nabadilisha kila siku, lakini mtaani wanasema mzee hafui.

Nilichojifunza: vijana hawa hawakuwa wazito wa kuelewa. Walichopewa walikishika chote, mpaka bega langu. Kosa letu ni kuwapa mtu mmoja tu wa kujifunzia.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, nilisimama kanisani nikaomba miili. Wanene, wembamba, wenye vibiongo, wote. Amejitokeza mama mmoja tu, tena kwa masharti kwamba kiuno chake kisitumike kwenye hesabu.

Kwa hiyo wakuu, aliye karibu, awe Chala au hapa mjini, aje asimame kidogo. Na ninyi wa mbali, mnitajie: mwili wako una nini ambacho fundi hukosea kila mara? Nitawasomea vijana majibu yenu.