Bastola Mbili na Mbwa wa Hail

Wazee wawili wenye leseni za bastola walisimama ufukweni Hail, mjini Maskati, mchana kweupe, wakimwangalia mbwa anamvuta mtoto gauni.

Hakuna aliyepeleka mkono kiunoni.

Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake.

Kisa hiki nimesimuliwa na mmoja wao, Mzee Safwan. Kaniruhusu nikiandike kwa sharti moja tu, nisimpunguzie aibu. Basi sitampunguzia.

Safwan ni Muomani wa kwetu, wale waliozaliwa Unguja wakaletwa Maskati wadogo. Kafanya kazi wizarani mpaka kastaafu. Anakaa Hail na mkewe, Bi Hasina, na mchana wanamlea mjukuu wao Ruba, wa miaka mitano, mama yake akiwa kazini.

Rafiki yake wa tangu utotoni ni Aflah, muuza vipuri vya magari mtaa wa Wattaya. Aflah alifiwa na mkewe, Shaikha, mwaka juzi. Watoto wao wako mbali, mmoja Salala, mmoja Ulaya. Kabaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vingi, na kila chumba kina kiyoyozi kinachompulizia hewa nani, hajulikani.

Sasa, bastola ilitoka wapi?

Ilitoka WhatsApp.

Kulipita ujumbe wa sauti kwenye makundi ya familia. Mtu analia kwamba wezi wanaingia majumbani na mapanga, tena wanaanza na wazee. Baadaye ilijulikana sauti ile ilirekodiwa nchi nyingine kabisa, miaka mingi nyuma. Lakini Safwan alikuwa keshaisikiliza, keshaisambaza, na keshaamua.

Mji wenyewe ndio huu wa mtu kusimama nje ya duka la chai, akashuka kuchagua sambusa, gari kaliacha linanguruma na funguo zimo. Anarudi, gari lipo. Safwan siku zote hufanya hivyo. Hata siku aliyokwenda kufuatilia leseni ya silaha ya kujikinga na wezi, gari lake alilikuta pale pale, linanguruma, baridi ndani.

Taratibu zilikuwa ndefu, na zote alizifuata kihalali. Kisha akamshawishi Aflah naye.

"Wewe ndiye hasa unayeihitaji," alimwambia. "Mimi nna Hasina. Wewe nyumba tupu, akikuingilia mtu nani atajua?"

Aflah hakuwa na hamu. Lakini kuwa na hamu na nini tena, siku zile? Kakubali, kama alivyokuwa anakubali kila kitu tangu alipozika.

Wakanunua zinazofanana.

Zilikuwa ndogo, nyeusi, zinaenea kiganjani. Muuzaji alizisifu kwamba zimetengenezwa hasa kwa kufichwa mwilini: nyepesi, nyembamba, hazina kona za kukwama kwenye nguo.

Alichosahau kusema ni kwamba waliozitengeneza walimfikiria mtu wa suruali na mkanda.

Mtu wa kanzu hawakumfikiria.

Chini ya kanzu mna kikoi, na kikoi kinashikiliwa na mkunjo tu. Kitundikie chuma uone. Siku ya kwanza Safwan alifika mlangoni, akarudi ndani mbio kabla hajaaibika mbele ya majirani.

Akatafuta mkanda mpana wa lastiki wenye mfuko, wa kuvaa tumboni. Bi Hasina alipomwona kauvaa alimtazama juu mpaka chini. Yeye mikanda kama ile aliivaa alipokuwa mzazi.

"Hongera," alimwambia. "Umejifungua nini?"

Safwan akashusha kanzu, akatoka.

Tatizo la pili alilijua siku alipofanya mazoezi mbele ya kioo. Kanzu haifunguki mbele. Ili aitoe bastola, ilibidi aipandishe kanzu mpaka kifuani kwa mkono mmoja, aing'ate kwa meno, ndipo apeleke mkono kwenye mfuko. Yaani mwizi angelazimika kusubiri, tena kwa adabu, maana mzee yuko nusu uchi.

Halafu joto. Maskati mwezi wa sita hakuna haja ya kuelezea. Chini ya lastiki tumbo lilimwota vipele, akawa anajikuna barazani kama kuku mwenye utitiri. Akienda kusali haiwezekani kusujudu nayo, na kuiacha garini hataki. Kwa hiyo mtu aliyekuwa hakosi sala ya jamaa msikitini akaanza kusali nyumbani. Imamu akadhani anaumwa.

Patamu ilikuwa harusini.

Ilikuwa harusi ya watu wakubwa, hotelini Bustan. Wanaume wamepanga foleni kumpongeza bwana harusi, vilemba vimekaa, udi unafuka. Safwan akahisi mkanda umelegea. Kile chuma kikaanza safari. Kikapita nyonga, kikashuka pajani taratibu, na yeye akakidaka juu ya kanzu kwa kiganja, akabaki kakishikilia hapo hapo.

Akatembea foleni nzima kajipinda upande mmoja, mkono pajani.

Watu wana huruma. Mwenye harusi kaagiza kiti, mhudumu kaleta cha magurudumu. Safwan alisukumwa mpaka kwa bwana harusi, akampa mkono wa heri akiwa amekaa kama mgonjwa. Kesho yake simu hazikukatika. Huyu anamtajia daktari wa mifupa, yule anamletea mafuta ya karafuu ya kuchulia nyonga.

Aliyapokea mafuta. Angesema nini?

Lakini si aibu iliyomshinda. Kilichomshinda ni Ruba.

Mtoto yule alikuwa na tabia ya kumrukia babu yake kiunoni na kujilaza tumboni kwake. Tangu bastola iingie, Safwan akawa anamzuia kwa mkono, anamwambia babu anaumwa. Siku moja akamsikia anamwambia bibi yake kwamba babu siku hizi hapendi watu.

Bi Hasina alimtazama mumewe tu.

Siku ile ile Safwan aliitoa ile bastola kiunoni, akaitoa risasi, akaifungia kwenye sefu ya chumbani. Ruba akarudi tumboni kwa babu yake. Vipele vikapona.

Ilibaki shughuli moja, Aflah.

Kila Alhamisi wawili hawa walikuwa wanakunywa kahawa pamoja, na tangu wanunue zile bastola hawakuwa na mazungumzo mengine. Ni kama vijana na simu mpya. Yako inakubana? Yako unaipaka mafuta gani? Unaiweka kulia au kushoto?

Safwan ndiye aliyemshawishi mwenzake. Atasemaje sasa kwamba imemshinda?

Basi akaanza kupiga fiksi. Alikuwa anavaa ule mkanda, mfukoni anatia kibweta cha miwani ili patokeze kidogo, anakwenda kahawani. Anakaa, anajipapasa, anasema silaha ni mazoea. Aflah naye anapapasa ubavu wake, anaitikia kwamba yeye hata haisikii tena, imekuwa kama kiungo cha mwili.

Safwan alimwonea wivu. Alikuwa anarudi nyumbani anawaza, huyu mwenzangu mwanaume kweli.

Ikaendelea hivyo mpaka Ijumaa ile ya Hail.

Walikwenda ufukweni baada ya Alasiri, Safwan, Bi Hasina na Ruba, na Aflah wakamchukua. Hali ya hewa ilikuwa imeanza kupoa, watu wametandika mikeka. Bi Hasina alikaa kwenye kiti chake cha kukunja akimenya machungwa. Wazee wawili walikuwa wanatembea pembeni ya maji. Ruba alikuwa katikati yao na bibi yake, mkononi ana kijiti cha mishkaki anakula.

Mbwa wa mitaani walitokea nyuma ya magari. Walikuwa watatu, wembamba, wana njaa.

Walitaka nyama. Mtoto hakujua aitupe, akaikumbatia.

Mbwa wa mbele akamdaka pindo la gauni. Ruba akaanguka kwenye mchanga.

Safwan anasema wakati ule mambo yote yalimpita kichwani mara moja. Hana kitu. Ana kibweta cha miwani. Lakini Aflah yupo pale, hatua chache kutoka kwake, Aflah anayo, Aflah haisikii tena, imekuwa kama kiungo cha mwili. Akageuka kumtazama Aflah.

Akamkuta Aflah keshageuka zamani, anamtazama yeye.

Wakabaki wanatazamana.

Anaapa kwamba ilikuwa ni kupepesa jicho tu. Lakini kupepesa kule ndiko anakokuota mpaka leo, kwa sababu katika kupepesa kule aliyeondoka mahali pake ni Bi Hasina. Mwanamke wa miaka sitini na magoti mabovu. Alikunja kiti akakiinua, akaja nacho mbio. Pigo la kwanza lilimpata yule mbwa wa gauni kwenye mbavu. La pili halikumpata yeyote, maana wote walikuwa wanakimbia, na mishkaki wamekwenda nayo.

Alimwinua Ruba, akamkung'uta, akamkagua miguu na mikono. Gauni limechanika. Ngozi haina hata mkwaruzo, alhamdulillah.

Ndipo akawageukia wanaume wake wawili.

"Na nyinyi," alisema taratibu, huku anahema, "mlikuwa mnangojea karamu?"

Akamchukua mtoto kwenda kumwosha.

Wazee wakakaa kwenye mchanga, kila mtu macho chini.

"Yakhe," Aflah alianza, "ulikuwa unangoja nini?"

"Nlikuwa nakungoja wewe," Safwan akajibu, na akaona hakuna tena cha kuficha. Akatoa kile kibweta, akakifungua, akamwonesha miwani. Akamweleza sefu, vipele, nyonga ya harusini, yote. "Na wewe yako?"

"Sina."

"Umeiacha nyumbani."

"Sina, Safwan. Nimeirudisha polisi zamani."

Safwan akamnyooshea kidole ubavuni. "Na hilo lililotokeza?"

"Hili tumbo langu."

Walicheka mpaka machozi. Watu wazima wawili, Alhamisi baada ya Alhamisi, wanadanganyana kwa miwani na kitambi. Watu wa mikeka ya jirani walidhani wamechanganyikiwa na ule mshtuko.

Safwan alikuwa bado anacheka alipouliza kwa nini mwenzake aliirudisha. Ilimwotesha vipele na yeye?

Aflah hakuwa anacheka tena.

"Ulininunulisha kitu cha kumzuia mtu asiingie ndani," alisema. "Mtu wa kuogopwa alikuwa keshaingia. Nlikuwa mimi."

Akaeleza huku anachora mchanga kwa kidole. Duka analifunga Adhuhuri, analifungua tena jioni. Saa zile za katikati anarudi nyumbani, na nyumba haina sauti. Alikuwa anaitoa ile bastola anaiweka mezani. Mwanzo alikuwa anaitazama tu. Kisha ikawa anaingia mlangoni anaifuata kabla hata hajavua viatu. Siku moja akajikuta kakaa upande wa kitanda aliokuwa analala Shaikha, imo mapajani, Alasiri inaadhiniwa, na yeye hakumbuki alikaa pale lini.

Aliizonga kwa taulo, akatoka na ndara za chooni, akaendesha gari moja kwa moja mpaka polisi. Akawaambia amezeeka, macho hayaoni vizuri.

Neno lililomtoka Safwan lilikuwa lile wanalosema watu wote.

"Kwa nini hukunambia?"

"Kila Alhamisi uliniuliza habari yake," Aflah akamjibu, bila ubaya. "Ya kwangu hukuiuliza."

Safwan anasema ingekuwa afadhali angempiga kofi.

Usiku alimweleza mkewe. Bi Hasina alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: huyu mtu mchana anakula wapi? Na Safwan, rafiki wa nusu karne, hakulijua jibu.

Kesho yake mchana alikuwa nje ya duka la Wattaya kabla halijafungwa. Aflah alikataa, akasema atawasumbua, akasema hana njaa. Safwan hakubishana. Alimpigia mkewe akampa Aflah simu.

"Shemegi," Bi Hasina alimwambia, "wali nshaupakua. Ukipoa dhambi zako."

Alikuja. Na siku ya pili akaja. Siku hizi akishakula hulala kwenye majlisi yao, sebule ya wageni, mpaka Alasiri, anakoroma, Ruba anamwekea vidoli vyake kifuani. Kwa daktari pia anakwenda, daktari wa mambo hayo hasa, na Safwan ndiye dereva. Si kwamba amepona kila kitu. Zipo siku hazungumzi. Siku hizo hawamlazimishi.

Bastola ya Safwan nayo ilirudishwa polisi. Ofisa aliyeipokea alimuuliza kama ina kasoro yoyote.

"Haina," alimwambia. "Nzuri sana. Hata mbwa hajasumbuka nayo."

Ofisa hakumwelewa. Akaandika anachoandika, wakapeana mikono.

Nilimuuliza Mzee Safwan, katika yote haya, nini kinachomuuma zaidi. Nilidhani atasema mbwa. Akasema hapana. Kinachomuuma ni kwamba alimpenda rafiki yake kweli, akataka kumlinda kweli, na kwa mapenzi yale yale akampelekea mauti mpaka mlangoni, kwa leseni.

Basi, ndugu zangu, mimi nimechukua hili. Ukiwa na mtu aliyefiwa, kabla hujampa kitu cha kujilinda, mwulize kwanza anamwogopa nani.

Kisha kaa chini, usikie atakachokujibu.