Sharjeri ya Papa

Enzi zetu, ukimwambia mzazi kwamba umechoka kukaa ndani, hupewi simu. Mtaani kwetu Buyenzi ulipewa sungura ukaambiwa umtafutie majani. Papa, baba yetu, alikuwa na sungura kumi na wanne, kila mmoja na jina la waziri, na mmoja akichinjwa tulitangaziana kwamba serikali imebadilika.

Papa alikuwa karani bandarini, lakini nadhani kule alikwenda kupumzika tu. Kazi zake hasa zilikuwa nyumbani. Alipiga picha za harusi za majirani na kuzisafisha bafuni, alikotundika mablanketi kuziba mwanga, ndiyo maana sisi watoto wanne tulioga uani nyuma ya shuka. Nchi ilipowekewa vikwazo na sabuni ikaadimika, akapika sabuni ya mawese. Ilitoa uchafu vizuri sana, na rangi ya nguo pia. Alikuwa na akodeo, kile kinanda cha kuvuta na kukunja, aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyefunga virago haraka, akajifundisha mwenyewe wimbo mmoja na nusu. Hiyo nusu ndiyo aliyoipenda zaidi.

Mama alikuwa akimlalamikia kwa sauti ya kusikika avenue ya pili: "Wenzangu wanagombana na bibi ya pili. Mi nagombana na sungura!"

Papa alicheka tu. Ila kila habari za vita zilipozidi kuwa mbaya, alianzisha jambo jipya, na kila jambo lilihitaji watoto: huyu ashike taa, yule akoroge sabuni, wewe uhesabu njiwa wapya. Mji ukifungwa, watoto wa wenzake walichungulia barabarani. Sisi hatukuwa na nafasi. Nilishakuwa mtu mzima nilipotambua kwamba mzee yule alikuwa anatufungia uani kwa ujanja. Nilimpenda tangu zamani, lakini siku hiyo nilimpenda upya.

Sasa, sharjeri. Umeme wakati ule ulikuwa wa kuonja, kwa hiyo watu walisikiliza redio kwa betri za magari. Papa akaunda mashine yake ya kuzijaza: sanduku la mbao, nyaya zilizotokeza kila upande, na taa ndogo nyekundu. Ikiwashwa ilinguruma kama mtu mwenye mafua. Tuliiita sharjeri, kwa Kifaransa chetu cha mjini, na iliishi chini ya kitanda cha wazazi kwa sababu mawaziri walipenda kutafuna nyaya.

Asubuhi moja askari walizunguka avenue yetu kusaka silaha. Wanaume, Papa akiwemo, walikalishwa chini barabarani, na lori lilikuwa linasubiri. Wiki iliyotangulia, avenue ya jirani, wawili walipandishwa lori kama lile na hawakuwa wamerudi. Mkubwa wa askari akaingia kwetu, akaniona mimi, Aisha, wa miaka minane, nimekumbatia sungura.

"We mutoto, papa yako anaficha nini umu ndani?"

"Apana, hafichi kitu. Iko na sharjeri tu, chini ya kitanda."

Mama akashika mdomo. Sikujua kwamba kwa wenye bunduki, sharjeri ni kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki.

"Ziko ngapi?"

"Moja, lakini ni kubwa. Alitengeneza yeye mwenyewe. Watu ya avenue yote wanakuja kujaza apa kwetu."

Nilisema kwa fahari, nikidhani namsifia baba yangu.

Papa aliingizwa ndani mikono juu. Askari mmoja akajipenyeza chini ya kitanda. Akatangulia kutoka Waziri wa Fedha, akifuatwa na sanduku lenye nyaya. Kuona zile nyaya, askari wote wakarudi nyuma hatua mbili.

"Iyi ni bombe?"

"Apana, mukubwa. Ni sharjeri ya betri."

"Washa tuone."

Papa akachomeka. Kimya. Umeme haukuwepo.

Basi tukangoja umeme, sisi na jeshi. Mkubwa alikaa kwenye kigoda cha Mama, Papa sakafuni, na nje lori likaanza kupiga honi. Mkubwa akaiona akodeo. "Na iyi? Piga." Papa akapiga wimbo wake mmoja na nusu, akaurudia mara tatu. Mara ya nne mkubwa akasema, "Basi, inatosha. Afazali bombe." Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nilikuwa nalia, maana nilishaelewa kwamba kuna kosa na kosa ni langu.

Ghafla avenue nzima ikapiga kelele, hata wanaume waliokalishwa chini: umeme! Taa nyekundu ikawaka, sanduku likanguruma mafua yake. Mkubwa akamgeukia askari wake. "Leta betri ya redio yetu."

Betri ilipojaa, lori likaondoka bila Papa. Nilingoja kiboko. Yeye akapiga magoti mbele yangu, jasho tele, akasema, "Umesema kweli, Aisha. Ila siku ingine, sema ya betri."

Papa aliondoka vita vikiwa vimekwisha, kwa maradhi ya kawaida ya wazee, kitandani kwake. Sanduku nimelirithi mimi. Wanangu wana sharjeri saba za simu ndani ya nyumba na bado kila siku wanazigombania. Hawajui kufuga hata kuku, simu ikizima nao wanazima, na wakisikia hadithi ya sungura mawaziri wananitazama kana kwamba naumwa. Nawacheka, na ninamshukuru Mungu kwa kutojua kwao.

Jana mdogo wao alipaza sauti kutoka chumbani, madirisha wazi, barabara imejaa watu: "Mama! Sharjeri iko wapi?"

Nilikimbia kabla sijafikiri, nikamziba mdomo kwa mkono.

"Sema ya betri, mwanangu," nikamwambia. "Sema ya betri."