Misemo ya Kukwepa Vyombo

"Leteni msemo wowote! Kabla chai haijapoa nitawaambia ulizaliwa wapi na mkunga wake alikuwa nani!"

Fundi viatu aliyasema hayo kwenye harusi ya mpwa wake, baada ya kumpokonya mshereheshaji kipaza sauti. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Mzee Kamusi.

Nyumbani kwake sheria ilikuwa moja: ukitumia msemo mezani ukashindwa kueleza asili yake, vyombo vya usiku huo ni vyako. Watoto watano wakakua waongo wa kupigiwa mfano, na kila walichoeleza, baba alikiandika daftarini.

Sasa macho yake yanafifia, na anataka jambo moja tu: daftari hilo liwe kitabu, akisome kabla hayajazima kabisa. Kazi ya kuchapa imemwangukia bintiye wa kwanza, ambaye kutwa nzima husimama kwenye mashine ya fotokopi dukani, mpaka miguu inakataa hata viatu alivyoshonewa na baba mwenyewe.

Jioni moja, mgongo ukimwaka moto, alifika kwenye "kupiga moyo konde". Daftari lilisimulia habari za bondia wa zamani aliyejitwanga kifuani mara tatu kabla ya kila pambano. Binti akaacha kuchapa.

"Baba, huyu bondia nilimtunga mimi. Nilikuwa na miaka tisa."

"Najua."

"Unajua?"

"Bondia gani anaanza kujipiga mwenyewe, mama? Ila sufuria lilikuwa limeungua, nawe unasinzia. Nikaliosha mimi."

"Na yule mfalme aliyeoga chumvi?"

"Wa kaka yako. Hata aibu hakuona."

Binti akashika kichwa. Kurasa mia na arobaini, na robo tatu ni porojo za jikoni.

"Sasa tufute? Watu watakucheka, baba."

Mzee alipapasa kingo za daftari. "Ukifuta, mimi nitasoma nini? Andika tu nani alisema, na siku hiyo alikuwa anakwepa chombo gani."

Yaani aanze upya, ukurasa wa kwanza. Binti alishusha pumzi, akafungua faili jipya.

Kesho yake akamuuliza mwenye duka: kuchapa na kujalidi nakala moja, kwa herufi kubwa kuliko zote ambazo mashine inaweza kutoa, ni kiasi gani?

Shilingi elfu ishirini na mbili, akajibiwa, naye akaanza kuzihesabu.