Kamanda wa Daraja Jembamba

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna gari lililovuka daraja lile jembamba bila ruhusa ya Kamanda. Hakuajiriwa na mtu. Alikuwa fundi viatu, kibanda chake kikitazama mdomo wa daraja. Siku moja malori mawili yalikutana katikati, kila dereva akakataa kurudi nyuma, naye akaweka sindano chini akaenda kuwaamua. Tangu hapo kazi ikamganda. Akinyoosha mkono, upande wa sokoni husimama. Akipunga, upande wa hospitali huja. Madereva ndio waliompa jina, naye akalivaa kama koti.

Kisha ikaja habari kwamba daraja linapanuliwa liwe la njia nne, na barabara zote zinazoliingia zichongwe upya. Walitakiwa watu wa kuongoza magari kwenye njia ya mchepuko. Kamanda alipiga pasi shati, akaenda na mkewe amjazie fomu, maana maandishi madogo yalikuwa yanamtoroka.

Msimamizi alimwonyesha karatasi ya herufi kwa mbali. Mstari wa kwanza akausoma. Wa pili akaubuni.

"Mzee wangu, macho yamechoka," msimamizi alisema kwa upole, akamgeukia mkewe. "Na wewe, dada, unaona?"

Mkewe alisoma mpaka chini, hata jina la kiwanda kilichochapa karatasi.

Jumatatu, baada ya mafunzo ya siku mbili, mkewe akaanza kazi, na kizibao cha rangi ya machungwa, kofia ngumu na simu ya upepo. Kamanda akabaki kibandani, kiatu cha mtu mapajani, jicho kule. Foleni ambayo yeye aliifumua kwa saa nzima, mkewe aliimaliza kwa robo saa. Hilo ndilo lililomchoma. Angeboronga, angemsamehe.

"Kamanda, shikamoo," alisema dereva wa mikate akipita. "Shemeji yuko vizuri, eti?"

"Marahaba. Anajitahidi," akajibu, na sindano ikamwingia kidoleni.

Nyumbani hakunyamaza. "Leo uliwachelewesha wa sokoni."

"Kulikuwa na gari la wagonjwa, baba watoto."

"Mimi ningewapitisha wote."

"Ungewapitishia wapi?"

Kijiba cha roho kilikua mpaka kikamtuma. Alfajiri moja alikichukua kizibao, akakificha kibandani chini ya vipande vya ngozi. Mkewe alitafuta nyumba nzima, akaenda bila, akarudishwa: bila kizibao hakuna kazi.

Saa nne foleni ilikuwa imefika hospitali. Kamanda aliona siku yake imefika. Akaruka katikati ya njia, akapunga mkono kama zamani. Lakini mchepuko ulikuwa na kona, upande wa pili hauonekani, na simu ya upepo hakuwa nayo. Lori la zege likakutana uso kwa uso na gari la mikate, na nyuma yao pakajaa. Msimamizi alimshika mkono, akamtoa pembeni.

"Mzee, rudi kwenye viatu vyako." Hakumfokea. Heri angemfokea.

Mkewe alikuwa anafua uani. Kamanda akamwekea kizibao magotini.

"Kilikuwa kibandani kwangu."

"Nilijua. Nyumbani nilipekua kila mahali."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekana. Halafu tungekuwa na makosa mawili." Akaendelea kufua.

Kesho yake akarudi kazini, na Kamanda hakugusa tena kitu chake. Wivu haukumtoka, ila aliuzuia usimfike mikononi.

Daraja likaisha. Magari yakawa yanapita njia nne bila kumwomba mtu ruhusa. Wakandarasi walimchukua mkewe kwenye daraja jingine, mji wa mbali, awe anarudi kila mwisho wa wiki. Kamanda akamsindikiza kituoni na begi lake.

"Huko wakikuuliza nani alikufundisha kuongoza magari, utasema nani?"

Mkewe akafikiri kidogo. "Nitasema wakandarasi. Siku mbili."

Kamanda alicheka, ingawa iliuma, akampandishia begi garini.