Nilibaki Kuhesabu Mwanga Taata Akizikwa

Admin, nifichie jina kabisa, maana ndugu zangu wa nyumbani Kituntu, Karagwe, wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, mtoto wa kwanza wa kiume, sina mke. Mwaka wa tisa huu naishi ughaibuni. Napima vifaa vya kufungwa kwenye kamera zinazopelekwa anga za juu, vile vinavyohesabu chembe za mwanga wa nyota moja moja. Kazi kubwa ni kutafuta hesabu za uongo, kwa sababu hata kwenye giza totoro kifaa hudai kimeona kitu. Kutwa niko chumba cha giza peke yangu, simu naiacha nje. Nikitoka sina wa kuongea naye. Kinyambo, lugha ya kwetu, naongea na sufuria nikipika, na wala sitanii.

Mwaka jana Taata, baba yangu, alifariki. Siku hiyo kifaa nilichokihangaikia miaka minne kilikuwa kwenye tangi lililoondolewa hewa, kimeshapoa, tayari kwa jaribio la kwanza. Bosi aliniambia niende nikazike, wenzangu wangemalizia. Nikakataa. Ulikuwa wivu tu, sikutaka mtu mwingine aone chembe ya kwanza ikihesabiwa. Nyumbani nikasema nimenyimwa ruhusa.

Jaribio lilifaulu. Wenzangu wakapiga makofi, mimi nikaenda chooni kulia.

Mama aliniamini. Akaomba kanisani niombewe, eti natumikishwa na watu wasio na huruma. Juzi kanipigia kwamba ukoo unanisubiri msimu wa kahawa nikae kwenye kiti cha Taata na kukabidhiwa kibanja, shamba letu la migomba na kahawa alimozikwa. Ila katika ukoo wetu, mrithi ambaye hakutupa udongo kaburini husimama kwanza mbele ya wazee, aeleze alikuwa wapi. Nikamuuliza Mama nitasema nini.

"Sema ukweli tu, mwanangu," akanijibu. "Mimi nimeshawaambia wote kuwa ungeruhusiwa, ungekuja hata kwa miguu."

Tangu hapo usingizi umenipaa. Nikisema ukweli namuumbua Mama mbele ya ukoo mzima, na kibanja kitaenda kwa mtoto wa baba mdogo. Kudanganya nako, kaburi la Taata liko hatua chache tu kutoka hapo nitakaposimama. Nimewaza hata nisiende, nibaki huku na upweke wangu, lakini Mama amezeeka na bado ananitetea kwa kila anayepita.

Ndugu zangu, msinionee haya, niambieni. Nikaseme nini?