Kahongya na Chemchemi ya Chini

Kahongya wa Kimemi hakuwa mtu wa kuamini upesi, na vita vilimzidishia shaka. Kila siku ya soko alipanda Musienene kununua maharage, na chakula cha mtu mwingine hakukigusa mpaka mwenyewe aonje mbele yake, kama ilivyo desturi ya kwao. Hilo lilimlinda. Lakini ugonjwa wa tumbo wa binti yake Bénite ulimshinda.

Mtoto alikuwa na miaka minne. Tumbo lilimkaza, alitapika, akapauka, akaacha kucheza. Dawa ya minyoo haikufua dafu. Kahongya akashuku sumu, akawapitia majirani mmoja mmoja kichwani, akakomea kwa Florentine, aliyempa mtoto ndizi siku ya Pasaka. Tena Florentine huyo huyo aliipita chemchemi iliyo chini ya nyumba zao, akateka maji ng'ambo ya kilima, nusu saa nzima na bidoni iliyojaa maji mgongoni. Mtu mwenye akili zake atajitesa hivyo bure? Ametia kitu, Kahongya alijiambia, ndiyo maana hayanywi.

Asubuhi moja akamkabili njiani, hasira zimemjaa.

“Florentine, juu ya nini hautekake maji kwa source yetu? Unaweka nini mule?”

Florentine akatua bidoni. “Miye naweka? Mama Bénite, ni bwana yako anamwangaka maji ya batri kule juu. Hata majani imekauka. Ningekuambia, ungesema niko navunja nyumba yako.”

Kahongya alimwita mwongo. Hata hivyo alipanda mpaka karakana ya mumewe. Mumewe Kataliko alikuwa fundi wa betri za malori. Vita vilipofunga barabara, betri mpya zikakosekana, naye akawa anapasua za zamani, kumwaga tindikali yake yenye sumu na kuziunda upya. Nyuma ya karakana majani yalikuwa meusi mpaka kwenye mtaro unaoshuka chemchemini. Akashuka, akateka maji ya chemchemi.

Kataliko aliporudi, shati limelowa jasho, Kahongya akamjazia kikombe.

“Baba Bénite, maji hii njo mutoto anakunywaka. Leo onja weye mbele.”

Kataliko alikitazama kikombe, akakiweka chini. “Sina na kiu.”

Alijua, basi. Muda wote alijua.

Kahongya alimbeba Bénite mgongoni, akaenda kwa Florentine kuomba maji. Florentine akachota, akaonja kwanza bila kuambiwa, kisha akampa mtoto. Kahongya alilia kwa aibu.