Halwa ya Kitabu cha Usanifu

Kamati ya mitaala iliponirudishia orodha yangu ya vitabu, nilinuna wiki nzima. Mimi nikinuna hununa kweli, hata chai siitii sukari. Tulikuwa tunataka kuanzisha somo jipya katika chuo kikuu ninachofundisha, Mombasa: utafiti wa usanifu, yaani kuchunguza kwa kina jinsi watu wanavyobuni vitu, iwe nyumba, kiti au mpango wa foleni hospitalini. Taaluma changa huombwa cheti cha kuzaliwa, na cheti chetu kilikuwa hiyo orodha ya vitabu vya lazima. Kamati ilisema ni ndefu mno, imechanganya wahandisi, wasanii na wanafalsafa chungu kimoja, na hakuna atakayejua aanze wapi. Orodha ya pili nayo ikikataliwa, somo lingefutwa, na wanafunzi niliowashawishi wangerudishwa uhandisini.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba walisema kweli.

Likizo ilipofika nikavitia vitabu ndani ya sanduku, nikaenda nalo Amu, kisiwani Lamu, kwa mama. Punda aliyenibebea kutoka gatini alisimama njiani kila mara, na mwenye punda akaniuliza kama nahamisha mawe. Mama alinisikia nikivipanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani alimoweka sahani zake za kale. Sahani hizo utotoni sikuruhusiwa hata kuzipumulia. Siku hiyo akaniambia niziondoe niziweke kitandani kwake.

Siku chache baadaye alinikuta nimeshika tama. Macho yake hayaoni tena maandishi, na tangu yapungue hamu yake kubwa ni kusomewa.

"Zitabu zote hizi, mwanangu," akasema, "nisomee kimoya. Huenda na weye ukasikia."

Nilichagua kilicho chembamba kuliko vyote, tena kwa uvivu. Kinadai kwamba mtu anayetengeneza kitu hujua mambo ambayo anayekipima tu hawezi kuyajua, na kwamba ujuzi huo unaweza kuulizwa maswali, kuandikwa na kurithishwa. Kimeandikwa kwa Kiingereza kikavu kama mkate wa juzi. Basi kila baada ya sala ya Alasiri tukawa tunakaa karibu na dirisha la kichochoroni. Nasoma sentensi, nasimama, nafasiri kwa Kiswahili, naye ananirudisha nyuma: "Hapo hujafahamu weye mwenyewe. Rejea." Nilikuwa nikikasirika, kisha narejea, kisha naona kweli sikuwa nimefahamu. Sijawahi kusoma polepole vile maishani mwangu.

Nyumba zetu za Amu kuta zake ni nene, lakini dirisha la kichochoroni halina siri. Majirani walisikia sauti inasoma, inasimama, inafasiri, inaendelea. Mjini kwetu sauti ya mwendo huo ina maana moja tu: hapo pana darsa, kitabu cha dini kinasomeshwa, kifungu kwa Kiarabu na maana yake kwa Kiswahili. Maneno yenyewe hayakuwafikia, mwendo uliwafikia. Jirani mmoja akamuuliza mama kitabu kimefika wapi. Mama, ambaye hapendi maelezo marefu, akamjibu kwamba kesho kinakhitimiwa.

Kesho yake nikafungua mlango nikakuta kundi la wanawake, sahani ya halwa, birika la kahawa na chetezo kinafuka udi. Kwetu kitabu hakimalizwi kimyakimya. Watu hukusanyika, ukurasa wa mwisho husomwa mbele yao na kufafanuliwa, dua ikaombwa, halwa ikaliwa. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamvuta mama pembeni.

"Mama, waambie si cha dini."

"Waambie weye. Halwa ishakuya."

Nikawaambia. Aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, fundi wa kudarizi kofia, akajiweka sawa mkekani. "Elimu ni elimu," akasema. "Soma, mwanangu, kahawa yapoa."

Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba kazi ya msanifu haiishi siku jengo linapokabidhiwa, kwa sababu wanaolitumia huendelea kulisanifu. Mfano wa mwandishi ulikuwa stesheni ya treni, na treni haimhusu mtu yeyote Amu, kwa hiyo nikataja daka, lile baraza la mawe mlangoni ambapo mgeni hupokewa kabla ya kukaribishwa ndani. Hapo nikawa nimetia moto kwenye makuti.

Fundi wa kofia alisema mwanawe amejenga nyumba mpya kisiwani Manda bila daka, na sasa kila anayepiga hodi ama huachwa juani ama huingia mpaka walipo wanawake. "Nyumba isiyo daka haina adabu," akasema.

"Adabu gani?" akadakia jirani wa pili, mjane mwenye ulimi wa upanga. "Daka ni la waume kukaa kutwa na porojo, na sisi twapita tumeinama. Langu ningelivunda nikaweka tangi la mai."

Walibishana mpaka kahawa ikapoa kwelikweli, kisha wakanigeukia: kitabu chasemaje? Nikajibu kwamba juu ya daka hakisemi lolote.

"Basi yandike kando," akasema mama.

Alimaanisha ukingoni mwa ukurasa, kama vitabu vya darsa vya baba yake vilivyojaa maneno ya watu waliovisoma kabla yetu. Nikachukua penseli nikaandika hoja zote mbili, na mjane akanisimamia begani nisije nikaipunguza yake.

Ni pale, penseli ikiwa mkononi, ndipo nilipoliona kosa la orodha yangu. Katika darsa mtu haanzi na kila kitu. Huanza na matini, kitabu kidogo ambacho kila mmoja amekisoma. Hufuata sharhe, vitabu vinavyoieleza matini na kuikosoa, kisha hashiya, yale yanayoandikwa pembeni na waliokuja baadaye. Mimi nilikuwa nimerundika sharhe bila matini, na pembeni sikumwachia mtu nafasi. Wageni walipoondoka nikaipanga upya. Kile chembamba kikakaa mbele peke yake, kisomwe kwa sauti darasani. Wahandisi na wanafalsafa wakafuata, kila mmoja na swali analolijibu. Sehemu ya mwisho nikaiacha tupu, nikaandika kwamba wanafunzi ndio watakaoijaza.

Niliporudi Mombasa, mwanakamati mmoja aliniuliza kwa nini ukurasa mzima hauna kitu. Nikamwambia huo ndio nilioufanyia kazi zaidi. Akaguna, akatia sahihi, na somo likapita, Alhamdulillahi.

Darasa la kwanza lilisoma nakala yangu ileile, ikipita mkono kwa mkono. Iliponirudia, kando ya hoja za daka palikuwa na mwandiko wa mwanafunzi, msichana wa kisiwa cha Ndau: "Simkubali bibi wa kwanza. Kwetu madaka hatuna na adabu tunayo. Mgeni huonekana tangu yuko chomboni, na hadi afike mlangoni tumeshajua ni wa nani." Chini yake kuna aliyempinga, na chini zaidi kuna aliyempinga huyo.

Nilimpigia mama simu nikamsomea. Akacheka hadi akakohoa, akampelekea fundi wa kofia simu yenyewe. Nikasoma tena. Niliogopa nitamuudhi mtu mzima.

"Msichana huyo," akasema fundi, "mwambie akuye aniambie hayo uso kwa uso. Halwa tainunua mimi."

Nilifunga mlango wa ofisi nikalia, na yalikuwa machozi ya shukrani. Nikamshukuru mama, nikawashukuru majirani waliokosea mlango wa elimu wakaingia hivyohivyo na halwa yao. Somo letu halina jengo wala ofisi ya kueleweka, lakini limepata watu wanaobishana juu ya ukurasa mmoja.

Msichana ameshakata tiketi ya Amu. Ameniomba ile nakala aende nayo, na penseli.